Usimwambie Mtoto Sindano Haiumi

"Nyamaza, la sivyo nesi atakuchoma sindano!" Kauli hii imezoeleka kwenye mabenchi ya kliniki zetu, na mara nyingi anayeitamka ni mama mwenyewe. Muuguzi hata hajanawa mikono, tayari amekwisha kufanywa adhabu.

Mtoto mdogo hulichukua neno kama lilivyo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kwamba kati ya miaka 2 na 7 mtoto bado hafikiri kwa mantiki ya mtu mzima. Aliyempiga mdogo wake jana anaweza kuamini kwamba homa ya leo ndiyo malipo yake. Mtoto kama huyo aambiwe waziwazi: "Hujakosa kitu. Unaumwa tu, na tunakutibu."

Hata maneno ya kawaida ya wodini yanaweza kumtisha. Akisikia "tunakutoa damu", wa miaka minne anaweza kudhani itatoka yote. Muuguzi mzoefu humwonyesha kichupa: "Nachukua kidogo, ijae hapa tu. Nyingine yote inabaki yako." Kisha humpa pamba aibonyeze mwenyewe pale palipochomwa. Kabla ya kupima presha, humwachia mkanda auvalishe kwanza mkono wa mama. Mtoto aliyeshika kifaa kwa mikono yake hupunguza kukiogopa.

Kichanga haelewi maneno, ila anaijua sauti ya mama, joto lake na titi lake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba anayenyonya anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla, na kwamba walio chini ya miaka 3 wapakatwe na mlezi. Lilionya pia dhidi ya kumtuliza mtoto kwa uongo, kama kumwambia haitauma. Ushauri huo haudai dawa wala mashine.

Wapo watakaosema foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Ni kweli, na nawaonea huruma. Lakini kumweleza mtoto ni sentensi mbili, ilhali aliyedanganywa mara moja hushikwa na watu watatu safari ijayo, naye hupiga mayowe yanayowaliza wengine wote.

Tuna jambo moja la kujivunia. Nchini Uingereza, hospitali nyingi ziliwabana wazazi kwa saa chache za kuwaona watoto wao, hadi ripoti ya kamati ya Platt ya mwaka 1959 ikataka milango ifunguliwe. Kwetu mama hulala wodini na mwanawe. Basi sista amtumie: amweleze kwanza yeye, amwachie ampakate, amruhusu aendelee kuzungumza na mwanawe sindano inapoingia.

Nawe mzazi, ukimpeleka mwanao chanjo, acha kumtisha kwa jina la nesi. Mwambie: "Itauma kidogo, halafu itaisha. Ukitaka kulia, lia. Nimekushika."