Mguu Hauna Bei: Ukweli Kuhusu Milioni Tatu za Bima

"Wakili, mguu uliovunjika ni pesa ngapi?" Hapa Nakuru swali hili huja kabla ya plasta kutolewa, na mara nyingine kabla ya mgonjwa kutoka wodini. Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake: milioni tatu. Amelisikia stejini, amelisikia kanisani, na amethibitishiwa na kijana mwenye faili kwapani aliyemfuata hadi kitandani. Kwangu anatafuta mtu wa kulipigia muhuri. Sina muhuri huo.

Milioni tatu zipo, ila si pale watu wanapozitafuta. Sheria ya bima ya magari inayowalinda wahasiriwa, Sura ya 405, inasema kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa kila mtu aliyeumizwa au kuuawa na gari lenye bima yake. Huo ni ukomo wa mzigo wa kampuni. Si bei ya mguu, si bei ya jicho, wala si bei ya marehemu. Mahakama ikikupa Sh4 milioni, ile moja ya juu utamdai mwenye gari. Ikikupa Sh200,000, bima italipa laki mbili na faili litafungwa. Hakuna hakimu anayeanzia milioni tatu akaanza kushuka.

Hakimu huanzia kwenye jeraha. Anasoma karatasi za hospitali za siku ya ajali, ripoti ya daktari wako, kisha ripoti ya daktari wa bima, ambaye kwa kawaida huona ulemavu mdogo kuliko aliouona daktari wako. Anatafuta kesi zilizokwisha kuamuliwa za majeraha yanayofanana, anaangalia ni za mwaka gani, anaongeza kwa kuwa shilingi imepoteza thamani, kisha anatamka kiasi kimoja cha maumivu, mateso na raha za maisha zilizopotea. Mahakama ya Rufani ilishasema katika kesi ya Kigaragari dhidi ya Aya kwamba fidia ikae ndani ya mipaka ya kesi zilizotangulia na ya uchumi wa nchi, kwa sababu fidia zikivimba, ada za bima hupanda na umma ndio unaolipa. Mwili wa mtu haupimwi kwa kilo kama nyama ya bucha, lakini pia hauthaminiwi kwa hasira za mwenyewe. Ndiyo maana aliyeumia nyama tu, bila mfupa kuvunjika, mara nyingi huondoka na laki moja au mbili, na mfupa mmoja uliounga vizuri kwa kawaida haufiki milioni.

Bado hujaamini? Tazama vifo. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Kila ajali ya namna hiyo ikitokea, mitaani huhesabiwa milioni tatu kwa kila jeneza. Mahakamani hesabu ni nyingine kabisa. Aliyefia papo hapo, mirathi yake hupewa kiasi kidogo cha maumivu, mara nyingi kati ya Sh10,000 na Sh100,000, kwa kuwa sheria inapima maumivu aliyoyapata yeye kabla ya kukata roho. Majonzi ya waliobaki hayana fungu. Pesa kubwa, zikiwepo, hutoka kwenye Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, na hizo ni za tegemeo lililopotea: marehemu alikuwa akipata kiasi gani, angefanya kazi miaka mingapi zaidi, na nani walikula kwa jasho lake. Hapo kinachotakiwa ni hati za mshahara, taarifa za M-Pesa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Jambo la kushangaza ni kwamba jedwali la bei za viungo wanalolitafuta watu lipo, lakini ni la ajali za kazini. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha aliyekatwa kidole na mashine huongozwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Humo viungo vimepangiwa asilimia, na ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kwa hakimu, na Mahakama ya Juu iliukubali utaratibu huo Desemba 2019. Penye jedwali, basi, hesabu ni ya mshahara na asilimia, na maumivu hayana safu yake.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa faili, broka wa ajali. Dawa yake ni moja kwa kila mgonjwa: vaa kola ya shingo, tembea na mkongojo, mwambie daktari una kizunguzungu. Upuuzi mtupu. Daktari wa bima atakupima, na wakili wa bima ataweka karatasi ya hospitali ya siku ya kwanza kando ya hati yako ya madai. Shingo isipoonekana kwenye karatasi hiyo, hutapoteza pesa za shingo peke yake. Hakimu ataanza kuutilia shaka hata mguu uliovunjika kweli. Tena udanganyifu wa bima ni jinai. Na ile ahadi ya "wakili atachukua asilimia 30 tukishinda, tukishindwa hudaiwi kitu"? Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya malipo yanayotegemea ushindi, na inamkataza wakili kugawana ada na broka.

Ya kufanya ni haya. Ripoti polisi, chukua namba ya OB (kitabu cha matukio), kisha abstrakti ya polisi yenye jina la kampuni ya bima. Tunza karatasi za matibabu tangu siku ya kwanza. Weka kila risiti, kwa kuwa gharama hulipwa zile tu zilizodaiwa na kuthibitishwa. Funga mkanda, kwenye bodaboda vaa helmeti na mkae abiria mmoja, la sivyo fidia itakatwa kwa uzembe wako. Una miaka mitatu ya kushtaki, ila gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu. Ajali ya kazini, wasilisha dai ndani ya miezi 12. Dai lisilozidi Sh1 milioni, muulize wakili kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue kwa siku 60. Bima ikikuletea karatasi ya malipo ya mwisho, usitie sahihi matibabu yakiwa hayajaisha. Ukishatia, dai limekwisha. Wakili akikalia pesa zako, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Na yeyote anayekutajia bei ya mguu wako kabla hajasoma karatasi zako za hospitali, awe broka au wakili mwenzangu, hajui kazi au anakudanganya. Mfukuze.