Nyamagana 1974 hadi Mpole 2022: Shabiki wa Nyarugusu na mapenzi ya timu mbili

NYARUGUSU, Geita. UKITAKA kujua umri wa mtu hapa, usimuulize alizaliwa mwaka gani. Muulize mechi ya kwanza ya Simba na Yanga anayoikumbuka.

Akikutajia Nyamagana, mpishe kiti, huyo ni mzee wako. Akianza na sita bila, mwamkie. Akikwambia tano bila ya Okwi na Mafisango, huyo bado ana nguvu za kushuka duarani. Na kama dunia yake imeanzia kwenye tano moja ya Novemba 2023, mnunulie soda, bado mdogo huyo.

Hii ni Nyarugusu ya dhahabu, mkoani Geita, siyo ile ya kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Ni mji wa maduara, makarasha na mialo. Watu wamekuja kutoka kila kona ya Kanda ya Ziwa na kwingineko, kila mmoja na kabila lake. Lakini mgeni akifika, swali halichelewi: wewe Simba au Yanga? Jibu lake anakaa nalo hadi kaburini.

Ajabu ni kwamba wengi wao Msimbazi na Jangwani hawajawahi kukanyaga. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Timu hizi mbili zimeingia katika nyumba za Nyarugusu kwa sauti kwanza, picha zikaja baadaye sana.

REDIO NA BETRI ZA JUANI

Miaka hiyo ilikuwa Radio Tanzania tu. Siku ya mechi betri zilianikwa juani tangu asubuhi, zipate nguvu ya kumalizia dakika 90. Mwenye redio alikuwa mtu mkubwa mtaani. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary wakawa macho ya watu ambao uwanja wenyewe hawaujui. Mpira ukikaribia goli sauti inapanda, watu wote wananyanyuka kwenye mikeka.

Mechi ambayo wazee wa Kanda ya Ziwa wanaisema kama ya kwao ni ya Agosti 10, 1974. Safari hiyo watani hawakuchezea Dar. Walikuja Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, kuamua bingwa wa nchi. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Mwanza, kwa hiyo mechi ilikuwa imekuja nyumbani, upande wa pili wa maji.

Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema. Ikabaki hivyo mpaka watu wa Simba wakaanza kuhesabu kombe. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gibson Sembuli akasawazisha. Zikaongezwa dakika 30, na Sunday Manara akamaliza kazi. Yanga 2, Simba 1. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile, leo amevuka 60, na bado ukimtajia jina la Sembuli anacheka au ananuna, kutegemea alizaliwa upande gani.

Simba walilipa Julai 19, 1977. Sita bila. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake, Jumanne Hassan 'Masimenti' mawili, na jingine Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Mpaka leo hakuna timu kati ya hizo mbili iliyomfunga mwenzake mabao mengi kuliko hayo. Yanga walipiga tano mwaka 1968 Simba wakiitwa bado Sunderland, Simba wakapiga tano Mei 2012, Yanga wakarudisha tano kwa moja 2023. Sita imebaki moja tu.

Halafu kuna 1979. Simba walichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena hapa hapa Dar. Kabla ya marudiano Lusaka, ungemwelewa shabiki aliyeamua kutunza betri zake. Simba wakashinda 5-0 ugenini, Thuwein Ally akifunga matatu. Tangu siku hiyo ukimwambia shabiki wa Simba wa rika hilo kwamba mechi imeisha, anakutazama tu. Mchimbaji naye ndivyo alivyo: duara linaweza kugoma miezi, yeye anashuka tena kesho, akiamini litatema.

RAHA INAYOUMA

Kumbukumbu za shabiki si za ushindi tu. Wana Simba wana 1993, walipotoka suluhu Abidjan na kombe la CAF likaonekana limeshafika, kisha Stella ikawafunga 2-0 jijini Dar. Yanga wana 2023, walipokwenda Algiers na kushinda 1-0, lakini USM Alger wakachukua kombe kwa sababu walishatoka Dar na 2-1. Simba tena wakaumia Mei 2025 mbele ya RS Berkane.

Na ipo tano bila ya Mei 6, 2012, ambayo hata mwana Simba haisimulii kwa kicheko mpaka mwisho. Patrick Mafisango alifunga siku ile kwa penalti. Siku 11 baadaye alifariki kwa ajali ya gari. Siku hiyo utani ulinyamaza.

Kufikia wakati huo redio ilikuwa imeshapata mpinzani: kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, joto, jenereta nje, mlango mmoja. Azam TV walipoanza kuonyesha ligi msimu wa 2013/14, kijana wa machimbo akaanza kumjua mchezaji kwa sura na mwendo. Anatoka shimoni na vumbi lake, analipa kiingilio, anakaa bega kwa bega na mtani ambaye kesho ndiye atakayemshikia kamba ya kushukia.

TIMU YA NYUMBANI YAJA

Kisha likaja jaribu ambalo wazee wa Nyamagana hawakulipata: Geita nayo ikawa na timu.

Haikuja kirahisi. Mwaka 2016 Geita Gold walikuwa mlangoni kabisa mwa Ligi Kuu, TFF ikazishusha daraja timu nne za kundi lao kwa kupanga matokeo, wao wakiwemo. Nafasi ikaenda Mwanza kwa Mbao FC. Ilibidi kusubiri hadi msimu wa 2021/22.

Walipopanda, walipanda kweli. Chini ya Fred Felix Minziro walimaliza nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Nyarugusu angeweza kupanda gari asubuhi, akamwona mfungaji bora wa nchi kwa macho yake, akarudi kulala nyumbani. Safari ya Kombe la Shirikisho ikaishia hatua ya awali mbele ya Hilal Al Sahil ya Sudan, lakini jina la Geita lilikuwa limeitwa Afrika.

Shida ilikuwa pale Geita Gold wanapocheza na Simba au Yanga. Ufanye nini? Baba alikurithisha Yanga kwa redio ya betri, na hawa waliovaa jezi ya Geita ni watoto wa nyumbani. Ukiwashangilia Geita, umemsaliti baba. Ukishangilia Yanga, unamshangilia mgeni aliyekuja kuchukua pointi kwenu. Wengi walichagua timu ya baba. Geita walibaki wa kupendwa wanapocheza na wengine.

Misimu mitatu tu. Mwisho wa 2023/24 Geita Gold wakashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Mtibwa walirudi baada ya msimu mmoja.

Hapo ndipo wanaokwepa lawama hawana pa kujificha. Kampuni kubwa ya mgodi ilidhamini, halmashauri ilisimamia, lakini timu haiishi kwa fedha ya mdhamini pekee. Inaishi kwa mtu anayeikumbuka hata ikifungwa. Simba na Yanga wana miaka 90 ya watu wa namna hiyo, kwa sababu kuna aliyelia Nyamagana akamhadithia mwanawe. Geita Gold wana mabao 17 ya Mpole na watoto waliokuwa na miaka 10 mwaka ule. Watoto hao wakiendelea kuyasimulia, timu ina pa kurudia.