Usawa wa takriban (kompyuta)
Usawa wa takriban ni njia ya kulinganisha namba katika programu za kompyuta: namba mbili huhesabiwa sawa ikiwa tofauti yake haizidi kiwango kilichowekwa.

Kwa kawaida kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu 0 na 1 pekee. Kwa namna hiyo 0.1 haina mwisho, kama theluthi moja katika desimali zetu, hivyo hukadiriwa. Ikijumlishwa mara 10 huleta 0.9999999999999999, si 1. Programu iliyoagizwa kujumlisha mpaka ifikie 1 kamili huipita, wala haisimami.

Kiwango ni bora kifuate ukubwa wa namba zenyewe: milimita moja si kitu katika urefu wa barabara, lakini ndani ya saa ya mkononi ni kosa kubwa. Karibu na sifuri, hata hivyo, hutakiwa kiwango kisichobadilika.