Namba Kubwa, Chaji Kidogo

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, namba iliyochapishwa kwa maandishi makubwa usoni mwa pawabenki haimshughulishi sana mkaguzi. Yeye hutafuta wati-saa, ambazo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Betri isiyozidi wati-saa 100 hubebwa kwenye begi la mkononi. Ikizidi hapo, hadi wati-saa 160, abiria huhitaji kibali cha shirika la ndege. Dukani mambo huwa kinyume. Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, mteja hutajiwa "elfu kumi", "elfu ishirini", na mazungumzo huhamia kwenye bei.

Hizo elfu ni miliampea-saa, yaani mAh. Betri ya mAh 2,000 inaweza kutoa miliampea 200 kwa muda wa saa kumi hivi. Lakini mAh bila volti ni idadi ya ndoo bila ukubwa wa ndoo. Ili kupata wati-saa, zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000.

Chukua pawabenki ya mAh 20,000. Seli zake za lithiamu zina volti 3.7, kwa hiyo imebeba wati-saa 74. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5, na kwa volti hizo nishati ileile ni sawa na mAh 14,800 tu. Sehemu nyingine hupotea kama joto wakati wa kupandisha volti, hivyo kinachotoka ni kama mAh 12,000 hadi 13,000. Kwa kuwa betri ya simu nayo ina volti karibu na 3.7, wala si 5, simu ya mAh 5,000 itajaa mara tatu hivi, si mara nne.

Huo si wizi, ni fizikia. Watengenezaji waaminifu huchapisha namba zote mbili: uwezo wa seli, na kiasi kinachotoka kwa volti 5.

Wizi upo kwingine. Seli ya duara aina ya 18650, inayotumika kwenye tochi nyingi na baadhi ya pawabenki, ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizo bora hufika takribani mAh 3,500, lakini sokoni zimo zilizoandikwa 9,900. Mizani huzifichua mapema, kwa kuwa seli nzuri ya aina hiyo ina gramu 45 hadi 50. Pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 huhitaji takribani seli sita, karibu gramu 300 kabla ya kuongeza kasha na saketi. Inayodai mAh 50,000 huku ikiwa nyepesi kuliko simu inajisuta yenyewe.

Kwenye betri za sola, swali ni kiasi gani kinatumika bila kuiumiza betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikishushwa chini ya nusu kila usiku hufa mapema, kwa hiyo zinazotumika ni kama 600. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8 yenye ampea-saa hizohizo huvumilia kushushwa asilimia 80, ikatoa zaidi ya wati-saa 1,000. Taa na televisheni zinazokula wati 60 zitawaka takriban saa kumi kwa ya kwanza na saa kumi na saba kwa ya pili, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inveta.

Kasi nayo ina neno lake. Betri ya asidi ya sola kwa kawaida hupimwa ikitolewa taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5 mfululizo kwa ile ya ampea-saa 100. Ikifungiwa pasi au jagi la umeme kupitia inveta, hutoa pungufu sana ya hizo 100. Ndiyo maana mnunuzi anapomwendea fundi, orodha ya vifaa vyake, wati za kila kimoja na saa za matumizi humfaa zaidi kuliko kuomba "betri kubwa".