Gari ya zamani inakataa kuwaka: sikiliza kwanza, piesi baadaye

Leo nasema juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukukisoma kwenye kozi, lakini kinakula feza za wengi wetu. Mutu anamaliza chuo hapa Bukavu, kazi haionekani, familia inachanga, ananunua Corolla ao Carina ya zamani, usukani mkono wa kuume, anaiweka taksi. Asubuhi moja inakataa kuwaka. Hapo njo hasara inaanza, na mara nyingi si hasara ya piesi iliyokufa. Ni ya zile piesi nzima zilizotolewa mbele ya kuipata yenye kufa.

Rafiki mmoja tuliyesoma naye, ndani ya juma moja tu walimununulisha batri mpya, kisha demarere ya okazyo. Gari palepale. Aliponiita nilikuja na multimetri tu (miye nilisomea elektrisite, motere nimejifunza kwa kushika). Niliweka ncha moja kwenye kutoa ya batri, ncha ya pili kwenye chuma cha motere, nikamwambia azungushe kontakti. Ikaandika zaidi ya volti 3. Pale inapaswa kukaribia sufuri, isifike hata nusu volti. Maana yake umeme ulikuwa unapotelea kwenye waya wa masi, ule mnene unaounganisha batri na motere na bodi. Inje ulionekana muzima, ndani umeoza. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya batri aliyokwisha kulipa.

Kama hauna multimetri, chukua kamba ya kuazimia batri, funga kutoa ya batri moja kwa moja kwenye chuma kisafi cha motere. Vitesi iwe pwen mor, breki ya mkono juu. Demarere ikiamka, umepata adui wako bila kununua kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili tu: ukizungusha kontakti, motere inazunguka ao haizunguki? Fundi anayefungua kapo na kuanza kufungua vis mbele ya kuuliza swali hilo, mimi ninamwogopa.

Kama haizunguki, washa taa za mbele kisha jaribu tena ukiziangalia. Taa zikizimika kabisa, tazama batri na kosi, vile vyuma vinavyoshika waya kwenye batri. Zikiwa na unga mweupe ao wa kijani, fungua (kutoa kwanza), mwangia maji ya moto, kwangua mpaka chuma kingae, kaza sana. Watu wengi wanakaza kwa mkono tu, gari ikipita mashimo mawili kosi imelegea. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, batri haina nguvu. Batri nzima iliyopumzika usiku inaonyesha karibu volti 12,6. Chini ya 12 imekwisha. Lakini usikimbilie kuinunua! Ichajishe, washa gari, upime tena motere ikizunguka. Lazima uone kati ya 13,8 na 14,5 hivi. Ukiona ingali kwenye 12, alternatere haichaji, na batri mpya nayo itakufa vilevile.

Ukisikia "tak" moja yenye nguvu na taa hazikupunguka, demarere njo inashukiwa. Hapa sikilizeni vizuri, wenye Toyota. Ndani ya demarere nyingi za Toyota kuna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme. Vinaliwa kidogo kidogo miaka yote, mpaka siku moja havigusani tena. Inaanza kwa kubahatisha: unajaribu mara tano, ya sita inawaka. Vile vipande vinabadilishwa peke yake. Demarere nzima haina kosa, na ile ya okazyo watakayokuuzia pengine shaba zake zimeliwa kuliko za yako.

Gari ya otomatiki ikinyamaza kabisa, weka kwenye N ujaribu. Kikiwaka pale, kile kifaa kinachosoma vitesi njo kimechoka.

Sasa, inazunguka vizuri lakini haiwaki. Batri na demarere umezitoa kwenye orodha. Imebaki esanse ao cheche. Na hapa Bukavu kuna jambo la kwanza kabla ya yote: gari imelala wapi? Kwenye mteremko, tangi ikiwa na esanse kidogo, esanse inakimbilia upande mmoja na pompe inavuta hewa. Ongeza litre tano ao isukume mahali pa sawa.

Pompe inasikika ukiweka sikio kwenye kinywa cha tangi. Wengi wanakwambia usikilize ukifungua kontakti tu. Kwa Toyota nyingi za zamani hiyo inadanganya, kwani pompe inaanza tu wakati demarere inazunguka. Kwa hiyo mwenzako azungushe, wewe usikilize. Kisha fungua buji moja. Imelowa esanse: esanse inafika, tafuta cheche. Imekauka: esanse haifiki. Asubuhi ya mvua, kwa gari yenye delko, fungua kifuniko chake upanguse unyevu kwa kitambaa kikavu. Hiyo imeokoa taksi nyingi bila hata franka.

Usizungushe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, uache ipumzike. Na usikubali mutu amwage esanse kwenye njia ya hewa ili "kuisaidia". Moto unaweza kurudi usoni. Tena, motere ikizunguka mbio na nyepesi kuliko kawaida, kama haina mzigo, acha mara moja. Pengine mkanda wa ndani umekatika, na kwa motere zingine kuendelea kuzungusha kunapinda suapape.

Wenye mazutu, Hiace na Land Cruiser, hakuna cheche ya kutafuta. Asubuhi za baridi ngojeni ile taa ya kupasha moto izimike mbele ya kuzungusha. Kama ilikuwa imeishiwa mazutu, ao filtre ilibadilishwa, hewa imeingia: piga kile kipompe cha mkono juu ya filtre mpaka kiwe kigumu. Ikiwaka leo na kukataa tena kesho, kuna mahali hewa inaingilia. Fuata mipira ya mazutu tangu filtre kurudi kwenye tangi. Mara nyingi pale pabovu panaonekana pamelowa na vumbi limegandamana.