Laini za Simu Zina Kipimo Chake
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Karagwe na Kyerwa

Natumaini mmekwisha kukaa, madaftari yako wazi, na mwalimu wenu yu tayari na chaki. Leo tutafanya hesabu kidogo, nayo ni hesabu ya simu.

Mara nyingi twasikia mtu akinung'unika: "Nimepiga simu ya msaada, nao hawataki kupokea." Je, ni kweli kwamba hawataki? Sikilizeni, kisha mtajibu wenyewe.

Mwajua kwamba Wizara ya Afya ina namba 199, ambayo hupigwa bila malipo. Mkoa wetu wa Kagera umeona faida ya namba ya namna hii. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, na watu 6 walikufa kabla ya ugonjwa kwisha. Tarehe 20 Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo; ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Siku kama hizo kila mtu hutaka kuuliza, na wote hupiga saa ile ile. Basi yatupasa kujua simu hizo huingiaje, na kwa nini hujaa.

Fikirini chama cha msingi wakati wa msimu wa kahawa. Wakulima wamekuja na magunia. Mlango wa ghala una upana wake, makarani wa mizani wana idadi yao, na daftari la kuandikia lina kurasa zake. Kimoja kikijaa, foleni husimama. Kituo cha simu ni hivyo hivyo. Mlango ni laini za simu. Makarani ni wapokeaji. Daftari ni kompyuta inayofuatilia na kuhifadhi mazungumzo.

Sasa tuandike ubaoni. Huu ni mfano wetu tu, si hesabu ya kituo fulani. Kituo kina laini 30 na wapokeaji 6. Kila mazungumzo huchukua dakika 4. Saa moja ina dakika 60. Gawanya kwa 4, utapata 15. Kila mpokeaji huweza kuzungumza na watu 15 kwa saa. Wapokeaji 6 mara 15 ni watu 90.

Laini 30 zafanya nini basi, ikiwa wapokeaji ni 6 tu? Watu 6 wanazungumza. Watu 24 wanangoja, wakisikiliza muziki. Lakini laini haijui kama unasema au unangoja. Yote mawili huishika. Kwa hiyo mtu wa 31 hana pa kuingilia. Huyo ndiye anayeambiwa kwamba namba inatumika. Hakuna aliyemkataa, mlango umejaa.

Tena simu haziji kwa zamu, moja moja. Huja kwa vishindo, kama mvua. Jambo hili lilichunguzwa na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, nchini Denmark. Alitoa maandishi yake mwaka 1909 na 1917, na hesabu zake zatumika hata leo. Kwa hesabu hizo, kituo chenye laini 10, kikitaka asikose laini zaidi ya mtu mmoja katika kila 100, kwa wastani kisishughulishe laini zaidi ya 4 na nusu hivi. Chenye laini 30 kisizidi 20. Laini zilizobaki si hasara. Ni akiba ya saa ya kishindo.

Sasa tuje kwenye daftari. Siku hizi vituo vingi hutumia programu ya kompyuta kupokea simu. Mojawapo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Programu ya namna hiyo humwezesha msimamizi kusikiliza mazungumzo yanapoendelea, ili ajue kama mgonjwa anapewa shauri lililo sawa. Pia huhifadhi sauti.

Lakini kazi hiyo nayo ina gharama. Kila simu inayofuatiliwa huitaka kompyuta itoe nakala ya sauti. Kwa njia ya kawaida ya simu, sauti ya pande zote mbili hujaza karibu megabaiti moja kila dakika. Laini 30 kwa dakika 60 ni dakika 1,800. Yaani karibu megabaiti 1,800 kwa saa moja tu. Kompyuta ikizidiwa, haikosi kurekodi tu. Sauti za watu wote huanza kukatika-katika, hata yule aliyekwisha kupata laini asisikike.

Na msimamizi ana masikio mawili tu. Akisikiliza mazungumzo mamoja baada ya mengine bila kupumzika, atasikia 15 kwa saa, katika yale 90. Kwa hiyo kituo chenye busara huijaribu mitambo yake kabla ya siku ya hatari, tena huchagua simu chache za kusikilizwa. Kuongeza laini peke yake hakutoshi. Ni kupanua mlango wa ghala lenye karani mmoja.

Je, wewe uliye Nkwenda, Kayanga au Murongo, waweza kusaidia? Ndiyo, waweza. Tazama: mazungumzo yakipungua kutoka dakika 4 hadi 2, wapokeaji wale wale 6 watahudumia watu 180 badala ya 90. Na hapa ndipo kisomo chenu kinapofaa. Kabla ya kupiga, andika katika karatasi: nani mgonjwa, yuko kijiji gani na kata gani, ameanza lini, ana dalili gani. Kisha soma. Ukikuta laini zimejaa, ngoja dakika chache. Watu wote wakipiga mfululizo, kishindo huzidi. Wakati huo huo mpelekee habari mhudumu wa afya wa kijiji au nenda zahanati. Na watoto wasichezee namba hiyo, maana mchezo wa dakika 2 waweza kumfungia mlango mama mwenye mgonjwa.

Kwa herini, hadi somo lijalo.

Maswali ya darasani
1. Kituo kina laini 12 na wapokeaji 4. Laini zote zikijaa, watu wangapi wanangoja?
2. Kila mazungumzo yakichukua dakika 5, wapokeaji hao 4 watahudumia watu wangapi kwa saa moja?
3. Kwa nini kuongeza laini peke yake hakutoshi?
4. Andika maneno manne utakayosoma ukipiga simu kwa ajili ya mgonjwa.