Mjane hupika, mgane hupikiwa

Mwaka 1969, Wamarekani M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa kipimo cha kujua kama mzee anaweza kujimudu nyumbani. Kina vipengele 8: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Wanawake walipimwa kwa vyote 8. Wanaume walipimwa kwa 5 tu, maana kupika, usafi na kufua havikuhesabiwa kuwa kazi zao. Kwa hiyo mwanamume asiyejua hata kubandika sufuria aliweza kupata alama zote. Siku hizi wataalamu wengi huwapima wote sawa, lakini mawazo yaliyozaa kipimo kile bado tunayo.

Tazama vijijini kwetu. Babu aliyefiwa na mkewe huletewa uji na mke wa mwanawe, mjukuu humchotea maji, shati hufuliwa na yeyote aliye karibu. Watu husema mzee huyo anajitegemea, kwa kuwa nyumba na shamba ni vyake na hakuna wa kumwamulia. Bibi wa jirani huwasha moto mwenyewe alfajiri, hupalilia mchicha wake na kuupeleka gulioni. Yeye husemwa hana mtu.

Kila mmoja ana pake panapovuja. Mkwe akihamia mjini, babu hubaki na chai na mkate, na vidonge vya presha humezwa tumbo tupu au havimezwi kabisa. Bibi hatishwi na jiko. Kinachomnyima usingizi ni paa. Sheria ya mila iliyoandikwa Tanganyika mwaka 1963 inamnyima mjane fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; atunzwe na wanawe, basi. Mwanamke aliyelima shamba lile maisha yake yote anaweza kuambiwa apishe.

Ndiyo maana naithamini sana pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini bibi huipokea kwa jina lake, si kwa hisani ya mwanawe.

Unapomjulia hali mzee anayeishi peke yake, usiishie kwenye afya. Muulize babu jana usiku alikula nini, na nani alipika. Muulize bibi nyumba anayolala imeandikwa jina la nani.